Ukuta Ambao Baba Hakutaka Kuuvunja

Nyumba yetu iko Markham, hapa Kanada, kwenye mtaa ambao nyumba zote zimefanana kiasi kwamba mwaka wetu wa kwanza Mama alihangaika na kitasa cha jirani mpaka jirani mwenyewe akatoka kumfungulia. Ina vyumba vinne vya kulala, gereji ya magari mawili ambayo haijawahi kulaza hata gari moja kwa sababu Baba huhifadhi humo vitu "vya kupeleka nyumbani", na sebule. Sebule ndiyo ilikuwa tatizo. Aliyechora ramani ya mtaa huu alikuwa anafikiria watu wanne wanaoangalia televisheni kimyakimya. Hakuwafikiria Watanzania wenye ugeni.

Kwa hiyo dada yangu alipotutangazia kwamba kuna mtu, na mtu huyo ni Mkenya, na Mkenya huyo ni nesi, na nesi huyo anataka kuwaleta wazee wake kuja kuposa, Baba hakusema ndiyo wala hapana. Aligeuza shingo polepole, akaikagua sebule kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, akauliza, "Watakaa wapi?"

"Kwenye makochi," Mama akasema.

"Ugeni wa posa haukai kwa kubanana. Wao wanakaa upande wao, sisi upande wetu, tunatazamana. Kwetu ungefungua uwanja. Hapa uwanja una theluji."

"Baba yangu, huu ni mwezi wa sita," dada akasema.

"Itakuja," Baba akasema, na kwa hilo kusema kweli alikuwa sahihi.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa kwamba sebule iongezwe. Ukuta wa nyuma ungesogea mita kama tatu kuelekea bustanini, na wageni wangepokelewa chumba kikishakamilika. Dada alikubali haraka haraka. Sasa hivi anasema alikuwa mjinga, mimi nasema alikuwa amependa, na tofauti yake ni ndogo.

Lakini kulikuwa na jambo la Calgary. Shemeji alikuwa amepata kazi hospitalini huko, ya kuanza Septemba ya mwaka unaofuata, na walitaka wafunge ndoa kabla ya hapo ili waende pamoja. Kutoka hapa kwetu mpaka Calgary ni safari ya ndege ya saa nne, kwa hiyo si mahali pa kwenda kula chakula cha Jumapili na kurudi. Baba humwita dada "mama", kwa sababu amerithi jina la bibi yetu, mama mzazi wa Baba. Mimi huniita "wewe". Na dada si mtu wa kubeba begi na kuondoka tu, kama wengine tunaowajua na ambao mama zao husali nasi. Alitaka Baba ampeleke kanisani kwa mkono wake, tena awe ameridhika mwenyewe, si kwa kusukumwa. Kwa hiyo sebule isipoisha, wazee hawaji. Wazee wasipokuja, hakuna ndoa, na shemeji anakwenda Calgary peke yake na masufuria yake.

Sasa hapa lazima mmjue Baba katika mambo ya ujenzi. Baba ana nyumba nyingine, iko Kibaha. Naiita nyumba kwa heshima. Nilipokuwa chekechea ilikuwa msingi. Nilipofika darasa la tatu ikawa boma, yaani kuta zimesimama bila paa, na mpapai umeota mahali ambapo patakuwa jiko. Sasa nipo sekondari na imepauliwa nusu. Baba huitembelea kila Jumapili kwa simu ya video, fundi wake wa kule anazunguka na kamera, na Baba anaelekeza, "Hebu nionyeshe tena ile kona." Ile kona haijabadilika tangu nizaliwe. Siku moja nilimuuliza kwa nini asimalize. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Ukimaliza nyumba, halafu?"

Fundi wa hapa alikuwa Mkongo tunayesali naye, mtu mnene mwenye sauti ya kuhubiri ambaye hajawahi kukutana na jambo dogo. Alipoanza kuchimba msingi, Baba alisimama pembeni na kikombe cha chai. Shimo likafika magotini, Baba akasema inatosha. Fundi akaendelea. Likafika kiunoni. Likafika kifuani.

"Unazika mtu?" Baba akauliza.

"Papa, hapa udongo inaganda. Msingi ikiwa juu, barafu itaibeba, utaona nyumba inakuja kukusalimia chumbani. Lazima tushuke chini ya baridi."

"Kwetu msingi ni magoti."

"Na kwetu pia. Lakini kwetu iko kwetu."

Baba alilipenda sana lile shimo baada ya hapo. Alilionyesha kwa simu kule Kibaha. Kwa wiki mbili alifurahi kabisa, na nikafikiri labda tumepona.

Na kweli kazi ilikwenda. Zege, fremu ya mbao, paa, madirisha, vyote vikaingia kabla ya theluji ya kwanza. Kwa upande wa nje kukawekwa mlango wa kutokea bustanini. Fundi alifuata utaratibu ambao hata Baba aliusifu: unajenga kipya chote kwanza, na ukuta wa zamani unauvunja mwisho kabisa, ili wenye nyumba wasilale na baridi. Matofali ya nje yakatolewa. Boriti ya chuma ikapandishwa, uzito wote wa ghorofa ukalala juu yake, mkaguzi wa manispaa akaja, akagonga gonga, akasaini, akaenda zake. Chini ya ile boriti kikabaki kitu ambacho mtu mwenye hasira angekimaliza kwa saa moja: mbao chache za kusimama, bodi za jipsamu na lile dirisha letu la zamani.

Hiyo ilikuwa Januari mwanzoni. Fundi akafika asubuhi na mtaimbo begani.

"Papa, tunavunja leo?"

"Leo baridi kali."

Akaja wiki iliyofuata. Baba akasema mbao mpya zipewe muda zizoee. Akaja tena. Baba akasema ingekuwa vizuri kupaka rangi kule kwanza. Rangi ikapakwa. Baba akasema harufu ya rangi itaingia ndani.

"Papa," fundi akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea kwa sauti ya chini, "huu ukuta iko na shida gani na wewe?"

Baba akamjibu kwamba atampigia simu. Fundi akapata kazi nyingine Oshawa, akauacha mtaimbo wake gereji, juu ya vitu vya kupeleka nyumbani, akaondoka.

Basi tukawa na chumba kizuri, chenye joto, chenye rangi ya maziwa, ambacho ili ukifikie ni lazima utoke nje ya nyumba. Unavaa koti, unavaa buti, unapitia mlango wa jikoni, unazunguka kwenye theluji, unafungua mlango wa bustanini, umefika sebuleni. Mimi nilikuwa naenda huko kusoma, yaani kulala. Ukikaa huko unawaona wenzako kupitia lile dirisha la zamani, wanakula, wanagombana, sauti hazisikiki vizuri, kama televisheni iliyopunguzwa sauti. Nikabandika karatasi kwenye kioo: UHAMIAJI. PANGA FOLENI. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Baba aliisoma, akarekebisha upande mmoja uliokuwa umeinama, akapita.

Dada hakucheka. Dada alikuwa amenyamaza, na akinyamaza anapika. Ilikuwa Februari, tulikula vizuri mno. Jioni moja tukiwa mezani shemeji akapiga simu, dada akaenda kuongea naye ngazini, akarudi macho mekundu, akaanza kugawa ugali kana kwamba hakuna kitu. Baba akasema, bila kuulizwa na mtu, kwamba anafikiri tusubiri theluji iyeyuke ndipo tuone.

"Tuone nini?" Mama akauliza.

"Kama kuna panapovuja."

Nikasema, "Baba, chumba kimekwisha. Aliyebaki ni wewe."

Nilikuwa natania. Mimi natania kila siku, hakuna mtu anayesikiliza. Siku hiyo wote wakasikiliza. Dada akanipiga teke chini ya meza, Mama akatazama bakuli la mboga, na Baba akarudisha tonge kwenye sahani.

"Maliza ugali wako," akasema.

Mama ndiye aliyekata shauri. Alimpigia mama mzazi wa shemeji, wakaongea kwa muda mrefu sana, sehemu kubwa ikiwa ni kucheka, na alipokata simu akatangaza kwamba wanakuja Jumamosi ya pili ya Machi.

"Sebule haijaisha," Baba akasema.

"Na ya Kibaha haijaisha, na tulimwozesha mdogo wako humohumo. Bibi harusi alipiga picha chini ya mpapai. Watakuja."

Huyo mdogo wake, yaani baba mdogo, anaishi Ottawa, na alikuja kuwa msemaji wetu, kwa sababu siku ya posa baba wa binti haongei. Anakaa tu, anaonekana ghali. Baba alifurahia sana sehemu hiyo. Alivaa suti ya kijivu, akakaa kochi la katikati, akaweka mikono kwenye magoti, akawa kimya kuanzia asubuhi, wageni wenyewe wakiwa bado wako barabarani.

Kwa simu walikuwa wamesema watakuja wachache. Yakasimama magari matatu, yale marefu ya kubeba familia, na watu wakawa wanashuka, wanashuka, kama vile kuna mlango wa siri upande wa pili. Wajomba wenye kofia. Mashangazi wenye vitambaa vya kichwa na makoti ya baridi juu ya magauni yao. Kikapu cha matunda, blanketi, trei za vinywaji. Wakasimama barazani wakaimba, mashangazi zetu, waliofika mapema kusaidia kupika, wakawajibu kwa ndani wakikataa kufungua, kama inavyotakiwa, isipokuwa kwamba nje palikuwa na upepo wa kukata masikio na wimbo wa Wakenya ukazidi kuwa wa haraka kila ubeti. Mama akawafungulia kabla ya ubeti wa tatu. Alisema hataki kuozesha binti kwa watu wenye nimonia.

Wakaingia. Yaani waliingia nusu. Nusu nyingine ikabaki kwenye ngazi na kwenye korido, mjomba mmoja akawa ameegemea mashine ya kufulia. Hakuna aliyemtazama mwenzake, kila mtu alitazama kisogo.

Mama akasimama mlangoni pa jikoni akaangalia ile hali. Kisha akasema kwa sauti ya kanisani, "Wageni wetu, upande wenu umeandaliwa. Naomba mnifuate."

Na akawatoa nje. Wote, na blanketi lao. Wakapita jikoni, wakazunguka bustanini kwenye kijia nilichokuwa nimekichimba kwa sepetu asubuhi hiyo, wakaingia chumba kipya. Baba alifungua mdomo, akakumbuka kwamba haongei, akaufunga. Dakika chache baadaye tulikuwa tumetazamana kweli, wao upande wao, sisi upande wetu, na katikati yetu ukuta.

Baba mdogo akaburuta lile dirisha la zamani. Linafunguka nusu tu, upande mmoja unateleza juu ya mwingine, kwa hiyo palikuwa na nafasi ya uso mmoja. Uso uliotokea ulikuwa wa mjomba wa shemeji, msemaji wao, mzee mwenye mvi safi aliyelazimika kuinama.

"Hodi hapa!"

"Karibuni," nikasema, "mnaagiza nini?"

Mama alinifinya mkono, alama ilikaa mpaka Jumatatu. Lakini yule mzee alicheka, na upande wa pili wakacheka baada ya kuelezwa kwa nini anacheka.

"Sisi ni watu wa amani," akaanza. "Tumetembea mbali. Kuna mwanakondoo wetu alipotea, na nyayo zimetuleta mpaka kwa hii nyumba."

"Hapa hatufugi," baba mdogo akasema. "Sheria za mji haziruhusu."

"Huyu wetu ako na adabu. Hawezi kuwa amewasumbua."

"Kama ana adabu, mlimpotezaje?"

Hapo mashangazi zetu wakapiga vigelegele, na mambo yakanoga. Walirushiana maneno kupitia tundu lile kwa muda mrefu. Sambusa zilipita. Vikombe vya chai vilipita. Suala la mahari lilipita pia, kwa sauti ya chini, uso kwa uso, na sisi watoto hatukuambiwa chochote. Ilikuwa inakwenda vizuri kabisa mpaka ikafika mahali pa kumwita binti.

Maana huwezi kupokea mahari kabla binti hajaitwa mbele ya watu wote na kuulizwa kama anawafahamu waliokuja, na kama wakipokelewa hatawageuka wazazi wake. Anaulizwa mara tatu. Pande zote mbili zinamwona, zinamsikia. Dada akateremka ngazi na gauni la kijani, amesukwa vizuri. Akasimama karibu na dirisha.

"Hatumwoni!" sauti ya shangazi mmoja ikatoka upande wa pili. "Mimi naona kiwiko."

"Kiwiko ni chake," baba mdogo akasema.

"Mzee, hatujakuja kuposa kiwiko! Aje huku tumwone vizuri."

Hapo shangazi yetu mkubwa akasimama. "Aje huko? Hajaulizwa hata swali moja, atoke nje ya nyumba ya baba yake, aingie kwenu, halafu aulizwe akiwa kwenu? Si atakuwa ameshaolewa huyo!"

"Basi sisi tukuje huko."

"Mlishakuja, hamkutosha."

"Wachache waje."

"Wachache gani? Ninyi mna wachache?"

Wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Baba mdogo alikuwa anapunga mkono ndani ya dirisha kama askari wa barabarani, na yule mzee mwenye mvi alikuwa anajaribu kuwageukia watu wake huku kichwa kimenasa kwenye fremu. Sijawahi kufurahi hivyo maishani. Halafu nikamtazama dada. Alikuwa amesogea hatua moja kuelekea jikoni, akasita, akarudi.

"Jamani," akasema. "Nisimame wapi?"

Aliwauliza watu wote, lakini alikuwa anamtazama Baba.

Baba akainuka. Akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka kupitia mlango wa gereji, akaufunga nyuma yake. Shangazi mkubwa akanong'ona, "Amekasirika," na dada akafunika mdomo kwa mkono. Tukasikia vitu vinahamishwa gereji, kitu kizito kikaanguka, Baba akasema neno ambalo huwa ananikataza kulisema.

Akarudi na mtaimbo wa fundi. Suti bado mwilini, tai ameitupa begani.

"Sogezeni viti," akasema. Ukiacha lile neno la gereji, yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo. Kisha akainama dirishani. "Na ninyi huko, naomba mrudi nyuma kidogo."

Akapiga. Jipsamu ikaingia kama biskuti. Akapiga tena, akachomeka mtaimbo nyuma ya bodi, akavuta, kipande kikubwa kama meza kikaanguka na vumbi jeupe likapanda mpaka darini. Hakuna aliyemzuia. Baba mdogo alikuwa ameshikilia bakuli la kachumbari kifuani kana kwamba ni mtoto. Baba aling'oa mbao moja baada ya nyingine, bila haraka, akizilaza pembeni, na kila alipong'oa moja wale wa upande wa pili wakaonekana zaidi: viatu, kisha magoti, kisha shemeji, ambaye tayari alikuwa amevua koti na kushika ubao.

"Mzee, wacha nikusaidie."

"Kaa chini," Baba akasema. "Huu ni wangu."

Shemeji akakaa.

"Kwetu baba ya msichana huitisha mbuzi," yule mzee mwenye mvi akawaambia watu wote. "Huyu anatubomolea nyumba."

Likabaki dirisha lenyewe, fremu na vioo vyake, limening'inia kwenye mbao mbili. Baba akalishika upande mmoja, akajaribu kulinyanyua, likakataa. Akajaribu tena. Akasimama anahema, mvi zake hazitofautiani tena na vumbi. Akamtazama shemeji kwa muda, kama anavyoitazama ile kona ya Kibaha.

"Haya. Shika huko," akasema.

Wakalibeba wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, wakalitoa bustanini na kulisimamisha kwenye theluji. Huko nje walisimama kidogo. Niliona Baba anaongea na shemeji anaitikia kwa kichwa. Wote wawili wamekataa kusema kilichozungumzwa, na nimeuliza sana.

Aliporudi hakumwachia baba mdogo kazi. Alisimama mwenyewe katikati, pale pale ulipokuwa ukuta, juu ya vifusi.

"Mama," akamwambia dada, "njoo hapa. Hawa watu unawafahamu?"

"Nawafahamu, Baba."

"Tukipokea walichokileta, hutatugeuka kesho?"

"Sitawageuka. Pokeeni."

Akamuuliza mara ya pili. Mara ya tatu alikohoa katikati ya swali, na mashangazi wa pande zote mbili wakasema ni vumbi.

Tukala. Pilau ilikuwa imefunikwa, ilipona. Kachumbari tulikula hivyo hivyo. Ile sebule ilitosha watu wote, hata watoto walipata pa kukimbia, na yule mjomba wa mashine ya kufulia akapewa kiti chake. Baada ya chakula msemaji wao akasimama tena, akashukuru, akasema kwamba kama wazee hawataona vibaya, wangependa kujua ni lini wajiandae kwa harusi.

Baba akafuta miwani yake. Akatazama dari pale ilipokuwa imechanika, akatazama sakafu mbili zisizolingana, ya zamani na mpya. Nikaona midomo yake inahesabu plasta, rangi, vigae. Dada alikuwa ameshika upindo wa gauni lake kwa mikono yote miwili.

"Agosti," Baba akasema.

"Agosti ya mwaka gani?" Mama akauliza kutoka mlangoni pa jikoni.

Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika mwiko.

"Ya mwaka huu," Baba akasema.

"Mjomba, umesikia?" Mama akamuuliza msemaji wao.

"Nimesikia, mama."

"Na ninyi wa kule nyuma?"

"Tumesikia!" wakaitikia, na Baba akaomba apewe chai.